Flashi ndogo, kazi kubwa: Jinsi ya kuchagua itakayotunza data ya mtambo wa kujiundia

MBITA, Homa Bay

MNAMO Mei 2020, maji ya Ziwa Victoria yalifikia kimo cha mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, nchini Uganda, na kuipita kwa kiasi kidogo rekodi iliyokuwa imedumu tangu 1964. Katika fuo za Kenya, zikiwemo zile za Kaunti ya Homa Bay, maji yalimeza nyumba, mashamba na maeneo ya kuanikia omena, na familia nyingi zikalazimika kuhama.

Kipimo cha Jinja hueleza hali ya ziwa zima. Hakimwelezi mkazi wa Mbita jinsi maji yalivyosukumwa na upepo hadi kwenye gati lake usiku wa kuamkia leo, wala jinsi ufuo wake ulivyobadilika kati ya mvua za masika na kiangazi. Habari ya aina hiyo huhitaji mtu wa papo hapo mwenye kipimo cha papo hapo.

Siku hizi kipimo hicho si lazima kitoke kwenye maabara. Mtu mwenye mapenzi ya vifaa vya kielektroniki anaweza kujiundia chake kwa kihisi kinachorusha sauti isiyosikika na binadamu na kupima muda inaochukua kugonga maji na kurudi. Atahitaji pia bodi ndogo ya tarakilishi, betri, paneli ya sola, na kopo la plastiki lenye kifuniko kinachoziba barabara. Sola si ngeni katika eneo hili. Kati ya 2012 na 2015, mradi wa SolarMal, ulioshirikisha kituo cha utafiti cha icipe chenye kampasi yake hapa Mbita, uliweka paneli katika nyumba zaidi ya 4,000 katika Kisiwa cha Rusinga ili kuendesha mitego ya mbu na kuwasha taa.

Katika orodha ya vitu vya kununuliwa, flashi ndiyo huandikwa mwisho. Ni ya bei nafuu, ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na wengi huiokota dukani bila kuiangalia mara ya pili. Lakini wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Katika mtambo wa aina hii, flashi ndiyo daftari. Kihisi kikiharibika, kitanunuliwa kingine. Vipimo vya msimu uliokwisha kupita havinunuliki popote.

Mwenyeji na mgeni

Swali la kwanza si la flashi bali la bodi: je, inaweza kusoma flashi?

Katika utaratibu wa USB, kila muunganisho una mwenyeji na mgeni. Mwenyeji hutoa umeme, huuliza maswali na kutoa amri. Mgeni hujibu tu. Tarakilishi ni mwenyeji, na flashi daima ni mgeni. Wageni wawili wakikutanishwa pasipo mwenyeji, hakuna atakayefungua mazungumzo.

Hapo ndipo wanaoanza hukwama. Bodi ya Arduino Uno, inayopendwa sana na wanafunzi, ina tundu la USB, lakini tundu hilo ni la kuiunganisha na tarakilishi, na mbele ya tarakilishi bodi hiyo ni mgeni. Haiwezi kuipokea flashi moja kwa moja. Anayeitumia atahitaji kijibodi cha ziada cha kuwa mwenyeji, kama vile kinachotumia chipu ya CH376, au aache flashi na kutumia kadi ya memori.

Bodi ya Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa 2012, ni tarakilishi kamili, hivyo inaweza kuwa mwenyeji. Hata hivyo, toleo lake dogo la Zero lina tundu jembamba ambalo haliingizi flashi ya kawaida bila kiunganishi. Kiunganishi hicho huongeza urefu, na faida ya kununua flashi fupi huweza kupotea hapo.

Ukubwa usiohitajika

Swali la pili ni la ukubwa wa nafasi, na ndilo linalowapotosha wengi kwa sababu ndiyo tarakimu iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye pakiti.

Mtambo unaopima kimo cha maji kila baada ya dakika 10 huandika mistari 144 kwa siku. Kila mstari ukiwa na tarehe, saa, kimo na hali ya betri, hauzidi herufi 40 hivi. Jumla yake ni baiti 5,760 kwa siku, yaani megabaiti mbili na ushei kwa mwaka mzima. Hata baada ya kuhesabu nafasi inayopotea kwa jinsi faili zinavyopangwa, flashi ya gigabaiti 8 ingechukua zaidi ya miaka 2,000 kujaa.

Hesabu hubadilika kwa anayeunda kifaa cha sauti. Muziki uliobanwa kwa mfumo wa MP3 katika kiwango cha kawaida cha kilobiti 128 kwa sekunde huchukua karibu megabaiti 58 kwa saa, hivyo gigabaiti 8 hubeba saa 138 hivi. Anayetaka kurekodi mpigaji nyatiti bila kubana sauti, kwa ubora wa sidii, atatumia takriban megabaiti 635 kwa saa, na gigabaiti hizo hizo 8 zitaisha baada ya saa 12 na nusu. Hata huyo hahitaji flashi kubwa kupindukia.

Aidha, flashi kubwa huleta tatizo la fomati, yaani namna faili zinavyopangwa ndani yake. Bodi nyingi ndogo na vijibodi vya kuchezea muziki huelewa fomati ya FAT32 pekee. Flashi za zaidi ya gigabaiti 32 kwa kawaida hutoka kiwandani zikiwa na exFAT, fomati iliyoanzishwa na Microsoft mnamo 2006, na bodi isiyoielewa huiona flashi kama kitu kitupu. Flashi ya gigabaiti 8, 16 au 32 huepusha usumbufu huo. Jambo la kukumbuka ni kwamba FAT32 haikubali faili moja inayofika gigabaiti 4, hivyo mwenye kurekodi sauti kwa muda mrefu sharti azikate faili zake.

Flashi zinazodanganya

Sababu kubwa zaidi ya kujiepusha na tarakimu kubwa ni ulaghai.

Ndani ya kila flashi mna sehemu mbili muhimu: chipu inayohifadhi data, na chipu ndogo ya usimamizi inayoieleza tarakilishi ukubwa wa nafasi iliyopo. Mlaghai huchukua chipu ya gigabaiti 8, kisha huifundisha ile chipu ya usimamizi kusema kwamba nafasi ni gigabaiti 128, au hata terabaiti moja. Tarakilishi haina njia ya haraka ya kubaini uongo huo. Huamini inachoambiwa, kama mnunuzi anavyoamini maandishi ya pakiti.

Udanganyifu huo hauonekani siku ya kwanza. Faili za mwanzo huandikwa na kusomeka vizuri. Nafasi ya kweli inapokwisha, data mpya hutupwa hewani au huandikwa juu ya ile ya zamani. Majina ya faili huendelea kuonekana, ukubwa wake huonekana, lakini ndani hamna kitu.

Kwa mtambo wa kupima maji, ambao huandika kidogo kidogo, nafasi ya kweli huenda isijae kamwe. Hatari hapo ni nyingine. Anayeghushi ukubwa mara nyingi hutumia pia chipu zilizokataliwa kiwandani au zilizokwisha kutumika. Flashi ya namna hiyo inaweza kuharibika baada ya majuma machache, na mwenyewe asijue hadi siku ya kuitoa kwenye kopo.

Kinga ipo, na ni ya bure. Programu ya H2testw, iliyoandikwa na Harald Bögeholz wa jarida la Ujerumani la c't, hufanya kazi kwenye Windows. Ile ya F3, ya Michel Machado, hutumika kwenye Linux na Mac. Zote mbili hufanya jambo moja: huijaza flashi yote data inayojulikana, kisha huisoma upya na kulinganisha. Flashi ya gigabaiti 16 inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde hujazwa kwa muda wa karibu dakika 27, na kuisoma upya huchukua muda mfupi zaidi. Ni busara kufanya jaribio hilo siku ile ile ya ununuzi, stakabadhi ikiwa bado mfukoni, na kabla flashi haijawekwa kitu chochote, kwa kuwa yaliyomo yanapaswa kufutwa kwanza.

Mnunuzi hayuko peke yake mbele ya sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, nayo sheria ya 2008 ya kupambana na bidhaa ghushi inaharamisha biashara ya bidhaa hizo. Lakini haki hudaiwa kwa ushahidi. Matokeo ya jaribio pamoja na stakabadhi ni ushahidi; malalamiko ya miezi sita baadaye ni vigumu kuyathibitisha.

Dokezo moja laweza kukumbukwa na yeyote: flashi yenye nafasi kubwa ajabu kwa shilingi mia chache haiuzwi kwa hasara, bali kwa uongo. Rahisi ghali.

Ufupi una bei yake

Flashi fupi, ile inayobaki nje ya tundu kwa milimita chache tu, ina faida dhahiri. Kifuniko cha kopo hufunga bila kuisukuma. Isitoshe, flashi ndefu hufanya kazi kama wenzo: ikigongwa au ikitikiswa na mawimbi kwenye mashua, nguvu yote huishia kwenye lehemu nyembamba zinazoshikilia tundu la USB kwenye bodi. Lehemu hizo zikipasuka, kinachoharibika si flashi ya mia chache bali bodi ya maelfu.

Hata hivyo, ufupi huo una gharama. Ya kwanza ni joto. Chipu zile zile zilizo ndani ya flashi ndefu hubanwa ndani ya kiwiliwili kidogo kisicho na eneo la kutosha la kupoza. Flashi nyingi za kawaida hutengenezwa ili zitumike kati ya nyuzi 0 na 60 za Selsiasi, na baadhi yake huishia chini ya hapo. Kopo lililofungwa na kuachwa kwenye jua la adhuhuri kando ya ziwa huwa na joto kali hata kabla umeme haujawashwa. Kwa hiyo kopo liwe jeupe, likae kivulini, na ikiwezekana paneli yenyewe ndiyo iwe paa lake, pakiwa na mwanya wa hewa kati ya hivyo viwili.

Ya pili ni ugumu wa kuishika. Vidole vilivyolowa maji hung'ang'ana kuing'oa, na ikishang'oka ni rahisi kudondoka kutoka gatini na kuzama. Uzi mwembamba uliofungwa kwenye tundu lake, kama lipo, huokoa mengi.

Fauka ya hayo, kuna unyevu na wale wadudu wa ziwani wanaoruka kwa makundi kama moshi na kupenya kila upenyo. Kifuniko chenye mpira na kijipakiti cha kunyonya unyevu, kama vile vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu vipya, vinatosha. Flashi isiyo na kifuniko cha kuteleza ni bora, kwani kila kinachosogea ni njia ya mchanga.

Umeme wa kuhesabiwa

Mwenye kutumia umeme wa sola huhesabu kila kijiko. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 hubeba wati-saa 84. Flashi inayovuta miliampea 80 kwa volti 5 hutumia wati 0.4. Hilo laonekana dogo, lakini kwa saa 24 ni wati-saa 9.6, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya betri nzima, ilhali flashi yenyewe huandika kwa sekunde chache tu kwa siku.

Ndiyo sababu kasi si sifa ya kutafutwa hapa. Flashi za USB 3.0, mfumo uliotangazwa 2008, zina kasi kubwa, na nyingi huvuta umeme mwingi zaidi na kupata joto zaidi. Kwa mistari 144 kwa siku, flashi ya USB 2.0 inatosha na kusaza. Zaidi ya hayo, kampuni ya Intel ilieleza mnamo 2012 kwamba kelele za umeme za USB 3.0 zinaweza kuvuruga mawasiliano ya redio katika masafa ya gigahazi 2.4, ambayo hutumiwa na Wi-Fi. Mtambo unaotuma vipimo kwa Wi-Fi huweza kupoteza mawasiliano kwa sababu tu flashi ya aina hiyo imechomekwa karibu na antena yake.

Hatari kubwa zaidi ya umeme ni kukatika kwake. Alfajiri, baada ya usiku mrefu, betri huwa imefifia kuliko wakati mwingine wowote. Umeme ukianguka flashi ikiwa katikati ya kuandika, kinachoharibika mara nyingi si mstari mmoja bali orodha inayoonyesha kila faili ilipo. Data huwa ingali ndani, ila hakuna ajuaye pa kuitafuta. Programu ya mtambo inapaswa kupima betri kabla ya kuandika na kuacha kabisa ikiwa umeme ni mdogo. Heri pengo la saa tatu kuliko msimu mzima uliopotea.

Seli zinazochakaa

Chipu za flashi, teknolojia iliyobuniwa na Fujio Masuoka katika kampuni ya Toshiba ya Japani miaka ya 1980, huhifadhi data kwa kunasa chaji ya umeme ndani ya seli ndogo mno. Kila seli inapofutwa na kuandikwa upya, huchakaa kidogo. Chipu za zamani zilizohifadhi biti moja kwa kila seli zilistahimili mizunguko ipatayo 100,000. Zile za biti tatu kwa kila seli, zilizoenea katika flashi za bei nafuu, hustahimili mizunguko michache sana kuliko hiyo, mara nyingi mamia kadhaa au elfu chache.

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba flashi haiwezi kufuta mstari mmoja peke yake. Hufuta bonge zima. Kuongeza herufi 40 kila dakika 10 huweza kuilazimu kuhamisha na kuandika upya data nyingi kuliko hizo herufi zenyewe. Suluhisho ni mtambo kuweka vipimo sita katika kumbukumbu yake ya muda, kisha kuviandika kwa pamoja mara moja kwa saa. Umeme ukikatika, hasara haizidi saa moja.

Ni vyema pia kila siku iwe na faili yake, yenye tarehe kama jina, na iandikwe kwa maandishi ya kawaida yanayosomeka na tarakilishi yoyote. Faili moja ikiharibika, siku moja ndiyo itakayopotea. Mwaka mzima ukiwekwa kwenye faili moja, doa moja laweza kuuchafua wote.

Akiba haiozi

Baada ya mazingatio hayo yote, uamuzi wa dukani huwa mwepesi. Inatafutwa flashi fupi ya USB 2.0, ya gigabaiti 8 hadi 32, ya jina linalojulikana, kutoka kwa muuzaji anayetoa stakabadhi na asiyekataa ijaribiwe. Kisha hazinunuliwi moja bali mbili.

Ya pili si ya anasa. Kila mwisho wa mwezi, mwenye mtambo huifikia gati akiwa na flashi tupu mfukoni, huzima mtambo kwa utaratibu, huitoa iliyojaa na kuichomeka nyingine. Iliyotoka hunakiliwa kwenye tarakilishi siku hiyo hiyo na kukaguliwa kama inasomeka. Haifutwi hadi nakala ithibitishwe. Kwa njia hiyo, hata kama flashi itaharibika, ghushi au halali, kitakachopotea hakitazidi mwezi mmoja.

Wala flashi isigeuzwe kabati la urithi. Chaji iliyonaswa ndani ya seli huvuja polepole kadiri miaka inavyopita, na joto huharakisha uvujaji huo. Flashi ni ya kusafirishia data kutoka gatini hadi nyumbani. Makao ya kudumu yawe kwenye tarakilishi, pamoja na nakala nyingine mahali tofauti.

Ziwa litapanda tena, kama lilivyopanda 1964 na 2020. Siku hiyo wenye nyumba karibu na maji na wanaoanika omena ufuoni watataka kujua maji huanza kupanda mwezi gani, kwa kasi gani, na hufika wapi kabla ya kurudi. Jibu la swali hilo kwa gati moja la Mbita laweza kuwepo kwenye faili ndogo zisizozidi megabaiti chache, mradi tu aliyeziandika alijaribu flashi yake kabla ya kuiamini.